Kinyama Kisioze Njiani

Ngozi ikishakatwa kwa uchunguzi wa maabara, inaanza kuoza.

Haisubiri foleni ya Barabara ya Kilwa ipungue. Haisubiri kesho. Damu imekatika, na vimeng'enya vilivyomo ndani ya seli vinaanza kuzila seli zenyewe. Joto la Februari hapa Dar es Salaam linaongeza kasi. Kinyama hicho kikifika maabara kimeoza, mtaalamu wa patholojia ataona ukungu wa waridi kwenye darubini. Hataona saratani. Wala hataweza kusema haipo.

Tahadhari hii ni kwa wanaokata vinyama kwenye zahanati na vituo vya afya vya Mbagala, Chamazi, Tandale na Bunju. Ni kwa mgonjwa pia, anayekabidhiwa kichupa akipeleke Muhimbili mwenyewe kwa daladala.

Angalieni kichupa kina nini.

Maji ya bomba huvimbisha seli. Maji ya dripu hayazuii kuoza. Spiriti huzisinyaza. Shashi kavu hukausha kila kitu. Friza ndiyo mbaya zaidi: chembe za barafu huitoboa nyama.

Kinachotakiwa ni fomalini. Fomalini ya asilimia 10, iwe mezani kabla ya kisu, ujazo wake angalau mara kumi ya kinyama. Hupenya taratibu, kama milimita moja kwa saa, kwa hiyo pande nene huhifadhika nje huku katikati likiendelea kuoza. Chupa iwe ya mdomo mpana. Kinyama huingia laini kwenye kichupa cha sindano, kikakakamaa humo, kisitoke bila kuchanwachanwa. Na msikibane kwa koleo. Seli zilizopondwa hazisomeki. (Kwa baadhi ya magonjwa ya malengelenge maabara hutaka kipande cha pili kisichoguswa na fomalini. Pigeni simu kwanza.)

Maabara itakipitisha kwenye alkoholi, zailini na nta, ikikate unene wa maikroni 4 hivi, ikipake rangi. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayofufua kilichooza.

Mtu mwenye ualbino ana kidonda shingoni kisichopona. Mama ana doa jeusi kwenye unyayo, mahali ambapo melanoma, aina ya saratani ya ngozi, hupenda kuwapata watu weusi. Melanoma ya Bob Marley, aliyefariki 1981, ilianzia kwenye kidole cha mguu. Saratani hizi zikiwahiwa, hukatwa zikaisha. Kinyama kikioza, mgonjwa anaanza upya, na saratani haikusimama kumsubiri. Na kama doa lote lilikuwa ndani ya kichupa, hakuna cha kukata tena.

Fomu ijazwe: jina, umri, sehemu ya mwili, doa lilianza lini. Jina liandikwe pia kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana, na mguu unaweza kukatwa kwa majibu ya mtu mwingine.