Msilete tingatinga: makumbusho yetu Kangundo na kisiwa cha Teshima

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya wiki kadhaa, na safari hii msisingizie umeme wala mteja mkorofi. Nimekuwa nikibishana na watu wa kwetu, tena watu ninaowaheshimu. Ngoja niwaeleze mjionee wenyewe kama nimekosea.

Kisa ni hiki. Hapa Kangundo kuna kikundi, wazee kwa vijana, ambacho kwa muda sasa kimekuwa kikikusanya vitu vya zamani vya Ukambani. Viti vya miguu mitatu vilivyotiwa nakshi ya waya, mizinga ya nyuki, viondo, vibuyu, vifaa vya wahunzi. Vyote vimerundikwa katika chumba cha nyuma cha duka la mwanachama mmoja, na mchwa nao wameanza kuhudhuria mikutano. Pesa imechangwa, si nyingi. Shamba limepatikana pia, la familia yetu, kwenye mteremko ambao siku anga ikiwa safi unaona Kilimambogo upande wa kaskazini.

Vijana wanataka pesa itengeneze makumbusho ya mtandaoni: skana, seva, tovuti yenye picha unazoweza kuzizungusha kwa kidole. Mtengenezaji wa tovuti hiyo, bila shaka, ni mimi. Wazee wanataka jengo. Tingatinga lije lisawazishe mteremko, halafu tujenge ukumbi mmoja mkubwa wa mawe wenye bati la bluu, kama kila ukumbi mwingine uliopo kati ya hapa na Tala.

Mimi napinga yote mawili. Mama yangu ananiuliza kama nimerogwa, maana la kwanza lingenilipa.

Lawama nazipeleka Japani. Mwaka 2019 kazi ilinipeleka Osaka kwa wiki mbili, na siku mbili zikabaki bila kazi. Rafiki mmoja wa ofisini akanishauri niachane na maduka ya kompyuta (ushauri mgumu kwa mtu kama mimi) nipande treni hadi Okayama, nishuke bandari ya Uno, nivuke kwa feri kwenda kisiwa cha Teshima. Nikaenda. Bandarini nikakodi baiskeli yenye mota ya umeme, nikapanda kilima, nikashuka upande wa pili, nikaona kitu ambacho sikutegemea kukiona Japani: makonde ya ngazi. Yao ni ya mpunga, sawa, lakini mtu wa Machakos akiona ngazi za udongo kwenye mteremko moyo unashtuka. Nilisimamisha baiskeli. Nilikuwa nyumbani.

Katikati ya ngazi hizo kuna jumba la sanaa ambalo karibu hulioni. Lilifunguliwa mwaka 2010. Mchoraji wa jengo ni Ryue Nishizawa na msanii ni Rei Naito. Ni ganda moja la zege, mita 40 kwa 60 hivi, unene sentimita 25, bila nguzo hata moja ndani. Namna walivyolijenga ndiyo iliyoninyima usingizi usiku ule. Badala ya kalibu ya mbao, walirundika udongo wakaupa umbo la kilima kidogo, wakamwaga zege juu yake, na zege lilipokauka wakauchota udongo kutoka ndani. Yaani kilima ndicho kilichokuwa kalibu!

Ndani hakuna picha ukutani. Unavua viatu, unaingia, na kuna matundu mawili makubwa juu yasiyo na kioo: upepo unaingia, mvua inaingia, sauti za ndege zinaingia. Sakafuni matone ya maji yanachomoza kutoka vitundu vidogo, yanateleza, yanakutana, yanakuwa kidimbwi. Basi. Hiyo ndiyo kazi ya sanaa. Nilikaa chini karibu saa nzima, mimi ambaye ukurasa usipofunguka kwa sekunde tatu naanza kulaani. Kupiga picha ni marufuku. Simu ilibaki mfukoni.

Wenzao pia wapo. Jumba la Miho, lililochorwa na I. M. Pei na kufunguliwa mwaka 1997, sehemu yake kubwa imezikwa ndani ya mlima, na miti ikapandwa tena juu yake. Kisiwa jirani cha Naoshima kina jumba la Chichu la Tadao Ando, la mwaka 2004, lililo chini ya ardhi kabisa na bado linaangazwa na jua. Haya sikuyafikia, muda uliniishia, kwa hiyo sitajifanya mtaalamu.

Ila msidhani nawaletea habari za matajiri wasio na shida. Teshima ilikuwa jalala. Taka za viwandani zilitupwa pale kinyume cha sheria kwa miaka mingi, wakazi wakapigana hadi makubaliano yakapatikana mwaka 2000 kwamba taka ziondolewe. Na makonde yale ya mpunga yalikuwa yameachwa yakaota magugu. Yalifufuliwa pamoja na wenyeji wakati jumba linajengwa. Jengo na shamba vilikuja pamoja.

Sasa turudi kwetu. Mteremko huu wazee wanaotaka kuusawazisha ulichimbwa na nani? Na nyanya yangu na wenzake wa mwethya, kwa jembe na wimbo. Njia ile inaitwa fanya juu: unachimba mtaro kufuata usawa wa kilima, udongo unautupa upande wa juu, unapanda nyasi kwenye tuta lisibomoke. Kila msimu mvua inaleta udongo, tuta linauzuia, na baada ya miaka mteremko unajisawazisha wenyewe. Wakoloni waliwalazimisha watu kuchimba matuta, watu wakachukia kwa haki kabisa. Lakini baadaye walichimba kwa hiari yao, hata wilaya iliyokuwa ikitajwa miaka ya 1930 kama mfano wa ardhi iliyokufa ikawa mfano wa kinyume chake. Kitabu cha Tiffen, Mortimore na Gichuki cha mwaka 1994 kinaonyesha kwamba toka miaka hiyo ya 1930 hadi 1990 watu wa Machakos waliongezeka karibu mara sita, na mmomonyoko ukapungua badala ya kuzidi.

Kwa hiyo nauliza: katika vitu vyote tulivyokusanya, kipi ni kikubwa zaidi? Si kiti, si mzinga. Ni tuta. Nasi tunataka kuliita tingatinga lifute kazi ya mikono ya akina nyanya kwa siku moja ili tupate mahali pa kuweka vibuyu vyao.

Sisi watengenezaji wa programu tuna ugonjwa huo huo. Ukirithi programu ya mtu aliyeondoka, kitu cha kwanza unachotamani ni kufuta yote uandike upya. Unafuta, kisha mwezi wa tatu unagundua ule mstari wa ajabu ulikuwa unazuia mafuriko.

Wengine wataniambia hayo ni ya Japani. Hapana. Nendeni upande wa Mlolongo mkaiangalie nyumba ya African Heritage iliyojengwa na Alan Donovan, Mmarekani aliyefariki Desemba 2021. Kuta zake ni za rangi ya udongo, zinafuata ujenzi wa Mali na wa sehemu nyingine za bara hili, nayo imeelekezwa kwenye mbuga ya Nairobi, hata ukisimama juu ya paa tambarare yote ni kama ua wake. Reli ya SGR ilipokuwa ikija nyumba hiyo ilikuwa hatarini kubomolewa, ikatangazwa kuwa mnara wa taifa mwaka 2016. Mwenzake katika biashara ya African Heritage, Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, hakuwa na bahati hiyo. Mkusanyiko wake ulinusurika, unaweza kuuona leo katika jengo la nyaraka la Moi Avenue. Nyumba yake ya Muthaiga, ambayo ilikusudiwa kuwa kituo cha utafiti, ilibomolewa. Vitu vipo, mahali hapapo.

Nakiri vijana wana hoja. Ndugu zetu walioko Doha na Minnesota hawawezi kuja Jumapili kuangalia kiti. Picha nzuri inaonyesha nakshi ya waya kuliko jicho katika chumba chenye giza. Na kitu kikiibwa, picha na maelezo ndivyo vitakavyokusaidia polisi. Kwa hiyo daftari la kielektroniki nitalitengeneza, bure, kwenye laptopu moja isiyohitaji seva: kila kitu na picha yake, nani alikitoa, kilitumiwaje, kinaitwaje kwa Kikamba. Lakini hilo ni daftari. Kulilipia kama makumbusho nakataa, hata kama mlipwaji ni mimi.

Na jengo? Naomba vyumba vitatu vidogo, virefu na vyembamba, kila kimoja kwenye ngazi yake, vikifuata tuta lilivyo. Ukuta wa nyuma uwe wa mawe unaoshikilia udongo, mbele pawe wazi kuelekea Kilimambogo, paa liwe chini na maji yake yaende tangini. Mjomba alinikatiza hapo hapo: "Mwanangu, na unyevu je? Ukuta uliogusa udongo unatokwa jasho, na viti ni mbao." Ana haki, amejenga nyumba nyingi kuliko mimi nilivyoandika programu. Nyuma ya ukuta lazima kuwe na kokoto na bomba la kutolea maji, na hilo ni la mhandisi, si la mtu aliyetazama jumba moja Japani akarudi na homa.

Akaongeza kwamba ukumbi mmoja mkubwa unaweza kukodishwa kwa harusi. Hapo sikuwa na jibu zuri, na bado sina.

Mkutano ni Jumamosi. Dereva wa tingatinga ameshapigiwa simu kuulizwa bei. Nimewaomba jambo moja tu, nao wamekubali: kabla ya kupiga kura twende wote shambani saa kumi jioni, kila mzee na kiti chake, tukae juu ya tuta la pili karibu na mwembe, na simu zibaki dukani.