Pete ya Nani?

Mwezi uliopita niliperuzi pete mtandaoni kimya kimya, nimfanyie mama Junior sapraizi. Kumbe tableti ya nyumbani ina akaunti yangu! Kesho yake matangazo ya pete yakamjalia kiooni. "Baba Junior, pete ya nani?" Nikababaika. Usiku huo tulilala mzungu wa nne.

Msomaji, usingoje yakukute. Kwenye Android 9 na kuendelea, fungua mipangilio, tafuta DNS ya faragha, andika dns.adguard-dns.com. Kwenye kompyuta, weka uBlock Origin ndani ya Firefox. Ukibadilisha DNS kwenye ruta, vifaa vyote vinavyotumia waifai ya nyumbani vinapumua. Ya YouTube DNS haiyazuii. Yanapita njia moja na video.

Pete kaivaa. Sapraizi ndiyo iliyokufa.