Asiyepiga Hodi Hakaribishwi



Kwetu mgeni hupiga hodi. Asipoitikiwa hurudia, na baada ya mara ya tatu huenda zake bila kinyongo. Tumelelewa hivyo, awe mtu wa Unguja, Mombasa au Bujumbura. Hapa Marekani tumekutana na wageni wa namna nyingine. Huingia kwa simu wakati tumekaa kula, huingia kwa sanduku la barua kila posta inapopita, na ukiwanyamazia leo, kesho wamerudi.

Wengi wetu tunawavumilia tukidhani huo ndio uungwana. Sisi tunasema ni uzembe, na sehemu ya balaa hili tumejiletea wenyewe.

Tuanze na barua. Nani kati yetu haikumbuki ile bahasha ya kwanza yenye jina lake kamili, ikimpongeza kwamba amekwisha kukubaliwa kadi ya mkopo? Wapo tulioionyesha kwa jamaa kama cheti cha shule. Hatukujua kwamba mashirika yanayoweka kumbukumbu za mikopo huuza orodha za majina yetu kwa wakopeshaji, na kwamba sheria inawaruhusu. Lakini sheria hiyohiyo inatupa haki ya kukataa, na kila barua ya aina hiyo inatakiwa ieleze namna ya kukataa. Piga 1-888-567-8688, na majina yenu yatatolewa katika orodha hizo kwa miaka 5. Anayetaka atolewe moja kwa moja ajaze fomu na kuitia saini. Na zile zilizokwisha kufika zichanwe vipandevipande kabla ya kutupwa, maana mwizi akiiokota moja jalalani anaweza kuomba kadi kwa jina lako.

Kwa upande wa simu, tangu 2003 serikali kuu ina daftari la wasiotaka kupigiwa simu za biashara, National Do Not Call Registry. Kujiandikisha ni bure, kwa simu ya nyumbani na ya mkononi. Piga 1-888-382-1222 ukitumia simu ileile unayotaka kuiandikisha. Namba ikishaingia haina haja ya kuandikishwa upya, na zikipita siku 31 wauzaji wanatakiwa wakome. Anayekaidi anaweza kutozwa faini ya zaidi ya dola 50,000 kwa simu moja. Tusidanganyane, hata hivyo: wanasiasa, watafiti wa maoni na vyama vya hisani hawabanwi na daftari hilo, na kampuni uliyonunua kitu kwake inaweza kukupigia kwa miezi 18 baada ya hapo.

Mtasema, mwizi hasomi daftari. Ni kweli, na hapo ndipo faida yake nyingine ilipo. Ukishajiandikisha, mtu usiyemjua akikupigia kukuuzia kitu, yaelekea ama hajali sheria ama ni tapeli. Huna haja ya kumsikiliza hadi mwisho ndipo umtambue.

Basi kwa nini sisi tunapokea kila simu? Sababu tunaijua. Simu ya nyumbani huja usiku, mara nyingi kwa namba ngeni, na kila mmoja wetu anaogopa kuwa ndiye atakayekosa habari ya msiba. Tena tunaogopa uhamiaji, hata wenye karatasi zilizotimia. Matapeli wanazijua hofu hizi. Mama mmoja wa jamii yetu alishikiliwa kwenye simu kutwa nzima na mtu aliyejiita ofisa wa uhamiaji. Akatumwa dukani kununua kadi za zawadi, akazisoma namba zake moja baada ya nyingine. Tulipomuuliza kwa nini hakukata simu, alijibu: "Mtu anasema na wewe, utamkatiaje?" Adabu yake ndiyo iliyompokonya akiba yake. Waambieni wazee: idara ya uhamiaji haidai malipo kwa simu, na hakuna ofisi ya serikali inayolipwa kwa kadi za zawadi.

Sasa tufike panapouma. Nani aliyewapa baadhi ya wauzaji hawa namba zetu? Ni sisi. Harusini tunaandika jina na simu. Mkutanoni tunaandika jina, simu na anwani. Kwenye mchango wa msiba tunaandika yote hayo na kiasi tulichotoa. Wiki mbili baadaye anapiga wakala wa bima anayetuita kwa jina la nyumbani, na baada yake muuza viwanja. Tumeona kwa macho yetu orodha ya msiba ikigeuzwa orodha ya wateja. Aliyeitoa alidhani anamsaidia rafiki. Kumbe amewauza wenziwe, tena bure.

Tunadai mambo mawili kwa viongozi wa vyama vyetu. Karatasi yoyote inayozungushwa iseme ni ya kazi gani, na isipewe mtu mwingine bila ruhusa ya walioandikwa. Na orodha ya mchango ichanwe hesabu ikishafungwa.

Wapo watakaotukumbusha kwamba wapiga simu nao wanatafuta riziki, na baadhi yao ni watoto wetu. Hatukatai, wala hatusemi watukanwe. Mwambie mtu kwa upole, "Nitoe katika orodha yenu, tafadhali," kisha ukate. Kampuni inatakiwa kisheria iliheshimu ombi hilo. Lakini ikiwa ni sauti iliyorekodiwa, usibonyeze namba yoyote wala usijibu neno. Kata tu. Mashine haina wazazi wa kuja kulalamika kwamba umemvunjia mtoto wao heshima.

Namba usiyoijua iache iite. Kubalianeni na jamaa wa nyumbani kwamba mwenye habari nzito aache ujumbe, au aandike kwanza. Mwenye msiba atapiga tena, na huyo tutamwitikia hata usiku wa manane.

Nyumba ni yetu, mlango ni wetu, na simu nayo ni mlango. Jumamosi hii kaeni na wazee wenu, mwandikishe namba zao kabla hawajapigiwa tena.