Fomu za wavulana nazo zirudi

Tangu kikao cha mwezi uliopita, simu ya katibu haipumziki. Kamati ya vijana ya chama chetu imeamua kwamba mwaka huu hatutawasaidia wasichana peke yao kwenda Girls'Day, siku ya kuonja kazi zilizozoeleka kuwa za wanaume. Wavulana nao wataandikishwa Boys'Day, waonje zile zilizozoeleka kuwa za wanawake. Zogo likaanza hapo. Msichana kushinda karakana ya magari, wazazi wamekubali, wengine kwa shingo upande. Lakini mvulana kushinda chekechea au makao ya wazee! Baba mmoja alisimama akauliza: "Tumewaleta Ujerumani waje kuogesha wazee?"

Aliuliza hayo mbele ya wanachama ambao wengi wao wanalipa kodi ya nyumba kwa kazi hiyohiyo. Mama mmoja wa safu ya pili, ametoka zamu ya usiku na viatu vyeupe vya kazi bado miguuni, aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemtetea. Aibu hiyo ni yetu sote.

Girls'Day ilianza nchini hapa mwaka 2001, na Boys'Day ikawa ya taifa zima mwaka 2011. Zote hufanyika siku moja, kwa kawaida Aprili, kwa wanafunzi wa darasa la tano kwenda juu. Umri huo ndio wenyewe. Huku mtoto hutakiwa kuchagua njia ya kazi mapema, na akikua akisikia nyumbani kwamba umeme ni wa kaka na uuguzi ni wa dada, atachagua akiwa na macho nusu.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo tunapokwama kila mwaka. Kujiandikisha kwenye tovuti ya Girls'Day au Boys'Day hakutoshi! Nafasi ikipatikana, mzazi ajaze ombi la ruhusa ya mtoto kutoingia darasani siku hiyo, atie saini, lipelekwe shuleni mapema. Mwenye kutoa ruhusa ni shule. Si kamati, wala si mwalimu wetu wa Kiswahili wa Jumamosi. Bila ruhusa hiyo mtoto atahesabiwa mtoro. Mwaka jana fomu zililala kwenye mabegi hadi nafasi zikachukuliwa na watoto wa wenzetu.

Mzazi asiyeridhika na mahali alikopangiwa mwanawe aje aseme kwenye kamati. Kukalia fomu kimyakimya ni kumnyima mtoto. Katibu yupo ukumbini Jumamosi hii baada ya darasa la Kiswahili. Leteni fomu, za mabinti na za wavulana.