MIKONO YA KAZI: Feni ya kompyuta imesimama

Leo tuseme juu ya kitu kidogo kinachoua mashini kubwa.

Kijana mmoja alitoka Beni kwa pikipiki, kompyuta ya parokia imefungwa katika blanketi, akafika kwetu Butembo. Ndani yake kulikuwa majina ya wabatizwa wa miaka mingi, na nakala nyingine hapana. «Fundi, iko inazima yenyewe kisha dakika kumi.» Feni ilikuwa imesimama. Mara mbili alibadilisha transista kwenye kadi inayoongoza feni, mara mbili ikaungua. Alitaka ya tatu.

Tulikataa. Kwanza tulitoa diski, tukanakili majina yote katika mashini nyingine. Halafu tukaanza kutafuta.

Zima mashini, toa waya ukutani. Lile sanduku la chuma linaloleta umeme, musilifungue: kondansateri zake zinaweza kushika zaidi ya volti 300 hata kisha kutoa waya. Zungusha feni kwa kidole. Ile ya Beni ilikuwa ngumu, inakwamakwama, imejaa vumbi la barabara. Feni iliyokwama mara nyingi inavuta umeme mwingi, na mzigo ule unapita katika transista. Ndiyo sababu ziliungua. Angeweka hata kumi!

Kama feni yako inazunguka vizuri kwa kidole, ijaribu peke yake. Betri ya pikipiki ya volti 12 inatosha. Kwa feni ya nyaya tatu, nyeusi kwa kutoa, nyekundu kwa kujumlisha; ya njano inahesabu mizunguko tu, iache. Lakini angalia: kwenye nyingi za nyaya nne, njano ndiyo ya volti 12. Ikizunguka, ugonjwa uko kwenye kadi.

Kwenye kadi, macho kwanza. Kondansateri iliyovimba kichwa imekufa. Weka yenye hesabu ile ile ya maikrofaradi, volti zisipungue, na mguu wa upande wa mstari uende kwa kutoa. Kisha toa transista, uipime kwa multimita. Ikilia pande zote mbili kati ya kolekta na emita, imeungana ndani. Feni yake mara nyingi inazunguka kwa nguvu zote bila kupumzika. Ikikatika ndani, feni haizunguki kabisa.

Transista ya kijana ilikuwa BD139, ambayo tunaipata hata katika redio zilizokufa. Fundi fulani alikuwa amemshauri aweke TIP31, «kwani miguu ni mitatu pia». Ni kweli inabeba umeme zaidi, lakini ukiitazama upande wa maandishi, beizi na emita zimebadilishana mahali. Soma namba, usihesabu miguu.

Tuliweka feni nyingine, kisha BD139 mpya. Ikazunguka. Kijana akataka kurudi mara moja, lakini Butembo kuna baridi ya mlimani, Beni iko chini na joto lake ni lingine. Tukamwambia aifunge kifuniko, aiwashe saa sita ya mchana kule kwao, asiiache mpaka saa nzima ipite.