Nukta ya Kihindi na Irabu za Kinande

Neno "gari", linalosikika kutwa kwenye barabara ya Butembo kwenda Beni, lilitoka katika neno la Kihindi ambalo kwa hati ya Devanagari huandikwa गाड़ी, na ndani yake imo herufi ड़, yaani ड iliyotiwa kitone chini ili kuonyesha sauti nyingine. Kitone hicho Wahindi nao hukiita nukta, kwani wao na Waswahili walilichota neno hilo katika Kiarabu. Machoni herufi ni moja, lakini katika Unikodi, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake ya kudumu ili kompyuta na simu zielewane, inaandikika kwa njia mbili: kwa namba moja, U+095C, au kwa namba mbili zinazofuatana, U+0921 ya herufi mama na U+093C ya nukta. Programu isiyojua kwamba njia hizo ni sawa hulitafuta neno lililo mbele yake na kujibu kwamba halipo. Dawa yake ni usawazishaji, yaani kanuni ya kugeuza maandishi yote yafuate njia moja, na kwa herufi hii kanuni hiyo hushika njia ya namba mbili.

Hayo yanawahusu waandishi wa Kinande, lugha ya Wanande wa maeneo hayo ya Butembo na Beni, kuliko wengi wanavyodhani. Kinande kina irabu saba za msingi, mbili zaidi ya Kiswahili, kwa kuwa i na u kila moja ina sauti mbili, ya shina la ulimi lililosogezwa mbele na ya shina lililovutwa nyuma. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Phonology, ambao mwanaisimu Ngessimo Mutaka alishiriki, ulipiga picha za ulimi huo ukiwa kazini. Kitenzi -lima, shina la ulimi likivutwa nyuma, ni kulima kama katika Kiswahili. Likisogezwa mbele, ni kuangamiza. Katika mazungumzo muktadha huondoa utata, ila kamusi haina muktadha, wala mashine ya kusoma maandishi kwa sauti haina. Ndiyo maana wanaisimu huiwekea irabu ya shina lililosogezwa mbele alama chini yake: į na ų.

Lakini alama ipi hasa? Hapo ndipo penye tatizo. Kibodi ya Kifaransa ina ç, hivyo mwandishi huwaza sedila, yaani alama iliyo chini ya herufi hiyo, na i yenye sedila haina namba yake pekee katika Unikodi: huundwa kwa U+0069 na U+0327. Mwingine hutumia ndoano inayoitwa ogoneki, ambayo tayari ina herufi kamili, U+012F kwa į na U+0173 kwa ų, kwa sababu Walithuania huzitumia katika lugha yao. Kwenye karatasi tofauti ya alama hizo mbili haizidi mkunjo wa unywele, na mhariri aliyechoka haioni. Usawazishaji nao hausaidii: hupatanisha njia mbili za kuandika alama moja, ila sedila na ogoneki kwake ni alama mbili, na zitabaki mbili hata maandishi yasafishwe mara mia. Wahindi waliamuliwa na kanuni. Wanande, pamoja na Wakonzo wa upande wa Uganda wanaokaribiana nao sana kwa lugha, hawana budi kuamua wenyewe.

Hakuna haja ya kuiomba Unikodi herufi mpya, na ombi la namna hiyo lingekataliwa, kwa kuwa mfumo huo hauongezi tena herufi zinazoweza kuundwa kwa vipande vilivyopo. Jarida hili limechagua ogoneki. Toni ya juu, pale inapohitajika, itaongezwa kwa U+0301 baada ya herufi. Waandishi wa toleo lijalo wanaombwa kukagua miswada yao kwa namba, wala si kwa macho, kabla ya kuituma. Mswada wenye sedila utarudishwa kwa mwenyewe.