Tuache Kuuliza, "Hii ni Picha ya Nini?"

Si ajabu kumsikia mwalimu au mzazi, akionyeshwa kazi ya mwanafunzi iliyobandikwa vipande vya wavu, karatasi na rangi, akiuliza kwa kejeli: "Hii ni picha ya nini?" Mwanafunzi hukosa jibu, wenzake hucheka, na kazi huishia jaani. Nionavyo mimi, kosa si la mwanafunzi. Kosa limo katika swali lenyewe.

Walimu wa Kiswahili hufundisha nomino za dhahania kila mwaka. Upendo, huzuni na utu havishikiki wala havionekani, lakini hakuna adaiye kwamba maneno hayo hayana maana. Iweje basi tuukubali udhahania katika sarufi na kuukataa katika sanaa?

Isitoshe, sanaa isiyoiga kitu si ngeni kando ya Ziwa Viktoria. Wafinyanzi wanawake wa Kiluo huviringisha kamba iliyosokotwa juu ya chungu kibichi na kuacha safu za alama zisizofanana na mti wala mnyama. Hakuna awaulizaye alama hizo ni picha ya nini.

Katika siku zetu yupo Dickens Otieno, msanii mwenye asili ya Migori, ambaye mamake alikuwa fundi wa kushona nguo. Otieno hukata makopo ya vinywaji kuwa nyuzi nyembamba, kisha akazisuka mithili ya kitambaa. Baadhi ya kazi zake zina umbo la mavazi. Mwaka wa 2022, alikuwa miongoni mwa wasanii 4 walioiwakilisha Kenya katika maonyesho ya Venice, Italia.

Faida kwa mwanafunzi ni ipi? Anayechora mtumbwi ana mtumbwi wa kuiga. Anayeunganisha kipande cha wavu uliochanika, bua kavu la magugu maji na leso kuukuu ya nyanyake hana cha kuiga. Kila kipande humlazimisha aamue: kwa nini hiki, wala si kile? Akijibu kwa dhati, huenda akajikuta ametaja jambo ambalo hapo awali hakuwa na maneno yake: hofu aliyo nayo baba anapokwenda kuvua usiku, au fahari kwa nyanya aliyemlea. Huko ndiko kujitambua. Mikono hutangulia, ulimi hufuata.

Wapo watakaosema kwamba sasa kila takataka itaitwa sanaa, na kwamba kazi kama hizo hazisahihishiki. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, insha nayo haina jibu moja, na tunaisahihisha kila muhula. Mwanafunzi na aeleze aliteua nini, aliacha nini, na kwa sababu gani. Asiyeweza kutetea hata kipande kimoja, huyo amebahatisha.

Jambo hili si la mzaha. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa Gredi ya 10 wamekuwa wakisoma katika mikondo 3, mmoja wao ukiwa wa sanaa na michezo. Tukumbuke kwamba mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, nao uliyasifu sana masomo ya mikono, lakini mbio za kutafuta alama zikayasukuma kando. Iwapo shule za Kisumu, Siaya na Homa Bay zitaufanya mkondo huu kuwa kapu la walioshindwa na hesabu, tutakuwa tumerudia kosa lile lile, na watakaoumia ni watoto.

Ndugu mwalimu, mwanafunzi akikuletea kazi usiyoielewa, usimwulize ni picha ya nini. Mwulize kwa nini ameifanya hivyo, kisha unyamaze umsikilize. Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Atatunzwaje iwapo walio kwao ndio wa kwanza kumcheka?